Kwenu mnaokwenda kugawana madaraka: anzeni na nyumba, wizara ziwe za mwisho

Wanangu wajumbe wa mazungumzo ya amani,

Nimesikia majina yenu yakisomwa, nikafurahi kuona kwamba safari hii wengi wenu hamjafika hata miaka arobaini. Kila mmoja wenu ana mtu wake aliyemzika, au asiyejua alikozikwa, na bado mmekubali kuketi na watu wa upande uliowaliza. Hilo ndilo lililonipa moyo wa kuwaandikia hadharani, ili na waliowatuma wasome.

Mimi sikuwa mkubwa katika mazungumzo ya zamani. Nilikuwa karani, kazi yangu kuandika kumbukumbu za vikao. Karani huona jambo ambalo wenye viti vya mbele hawalioni: kila hoja imekula kurasa ngapi. Daftari langu ninalo hadi leo. Wizara zilichukua siku kumi na moja. Nani ashike fedha, nani ashike ulinzi, naibu wa huyu atoke kwa nani, na katika gwaride nani asimame kulia kwa nani. Suala la watu waliokuta nyumba zao zimekaliwa na wengine lilipewa alasiri moja, wajumbe wakitazama saa. Likaishia kwenye maneno mawili: "Litaundiwa tume."

Miaka miwili baadaye nilitumwa na tume hiyo kwenda kuandika malalamiko. Nikafuatana na baba mmoja hadi kwenye nyumba aliyoikimbia. Hati alikuwa nayo mfukoni, lakini hakuitoa. Aliinama kwenye mwimo wa mlango akanionyesha mikato ya kisu: ndipo alipokuwa akiwapima watoto wake kila mwaka, na pembeni ya kila mkato kuna herufi ya jina la mtoto. Juu yake kulikuwa na alama nyingine, mpya, za wino. Mama aliyekuwa akiishi mle akasema hizo ni za wanawe. Naye alichomewa nyumba ng'ambo ya mto, askari wakamwambia aingie humu. Wote wawili walikuwa wakisema kweli. Nikabaki nimeshika kalamu, sijui niandike jina la nani kwenye safu ya mlalamikaji, kwa sababu makubaliano yetu, yaliyotaja mpaka idadi ya magari ya mawaziri, hayakusema lolote juu ya watu wawili hawa.

Ombi langu kwenu linatoka kwenye mlango ule. Ratiba ya kikao ikiletwa, msikubali madaraka yatangulie. Yawekeni mwisho.

Nchini Kenya mwaka 2008, baada ya zaidi ya watu 1,100 kuuawa kufuatia uchaguzi, mazungumzo chini ya Kofi Annan yaligawanywa katika ajenda nne. Ya tatu ilikuwa kugawana serikali. Ya nne ilikuwa yale yaliyozaa vita vyenyewe: ardhi, umaskini, vijana wasio na kazi, katiba. Ajenda ya tatu ilikamilika tarehe 28 Februari mwaka uleule, na wananchi wakaipa jina lake, serikali ya nusu mkate, yenye mawaziri 40. Ajenda ya nne ilizaa katiba mpya mwaka 2010, na hilo ni jambo kubwa. Lakini ripoti ya tume ya ukweli, haki na maridhiano, iliyokabidhiwa mwaka 2013 na kueleza dhuluma za ardhi kwa kirefu, ilifika bungeni ikakwama. Mkate ulishagawanywa. Walioshiba hawakuwa tena na haraka.

Mtaniambia: mzee, wenye bunduki hawaji mezani bila kuahidiwa vyeo. Kweli kabisa, na sijasema vyeo visiwepo. Nasema ahadi ya cheo ndiyo kamba pekee mtakayokuwa nayo ya kuwavutia kwenye mengine. Mkiitoa siku ya kwanza, siku ya pili mtakuwa mmeshika nini?

Na msidhani suala la nyumba halina ufumbuzi. Mapatano ya Dayton ya mwaka 1995, yaliyomaliza vita vya Bosnia, yalikuwa na kiambatisho kizima kilichompa kila aliyefukuzwa haki ya kurudishiwa nyumba yake. Kwa miaka kadhaa maofisa wa pande zote walikaidi. Mambo yalikwenda pale kanuni ilipowekwa wazi: mwenyewe anarudishiwa, aliyemo anapewa muda wa kuhama, na asiye na pa kwenda anatafutiwa makazi. Madai zaidi ya 200,000 yakashughulikiwa. Wengi waliuza nyumba walizorudishiwa, kwa sababu hawakutaka tena kuishi miongoni mwa majirani wale. Hata hivyo waliuza wao, kwa hiari yao. Yule baba wa mikato ya kisu angeshukuru hata kwa hilo.

Baada ya nyumba, bunduki. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo mtakapobembelezwa zaidi kwamba "tutaliangalia baadaye."

Tazameni Burundi. Mwalimu Nyerere alisuluhisha hadi alipofariki Oktoba 1999, Mandela akapokea, na Agosti 2000 makubaliano yakatiwa saini Arusha. Watu hukumbuka zaidi mgawo wa bunge, ulioingizwa katika katiba ya 2005: asilimia 60 Wahutu, asilimia 40 Watutsi, Watwa viti vitatu, na wanawake wasiopungua asilimia 30. Kwangu mimi uzito ulikuwa kwenye jeshi: kabila lolote lisizidi nusu ya vikosi. Waliopigana msituni na waliowawinda wakalala bweni moja, wakala sufuria moja. Mwaka 2015, Rais Nkurunziza alipong'ang'ania muhula wa tatu, damu ilimwagika na mamia ya maelfu wakakimbia nchi. Lakini waliompinga na waliomuunga mkono, ndani ya jeshi na nje yake, walitoka makabila yote mawili. Nchi iliyokwisha kuona mauaji ya kikabila ya 1972 na ya 1993 haikurudi huko. Sidhani viti vya bunge peke yake vingetosha kuizuia.

Linganisheni na Sudan Kusini. Makubaliano ya Agosti 2015 yaligawa madaraka kwa hesabu nzuri, lakini majeshi yakabaki mawili. Riek Machar akarudi Juba Aprili 2016 kuwa Makamu wa Kwanza wa Rais, kaja na askari wake. Julai, yeye na Rais Salva Kiir wakiwa ndani ya ikulu, walinzi wao wakaanza kupigana risasi pale nje, na mji mzima ukaingia vitani. Vyeo vilikuwa vimeshagawanywa.

Sitawaficha upande wa pili wa hoja yangu. Makubaliano ya Arusha kuhusu Rwanda, ya Agosti 1993, nayo yaligawa jeshi: chama cha waasi, RPF, kipewe asilimia 40 ya askari na nusu ya maofisa. Wenye siasa kali waliona wanapokonywa kila kitu, walinda amani wa Umoja wa Mataifa walikuwa wachache wenye mikono iliyofungwa, na Aprili 1994 yakaja mauaji ya kimbari. Kwa hiyo mkiandika idadi, andikeni pia nani atasimama katikati mpaka idadi hiyo itimie, na wale mnaowaacha nje mjue wanakesha wakipanga nini.

Polisi msiwasahau. Askari wa jeshi mwananchi humwona kwenye gwaride, polisi humkuta barabarani kila siku. Ireland ya Kaskazini walilijua hilo. Baada ya mapatano ya 1998 waliunda jeshi jipya la polisi, lenye jina jipya na nembo mpya, na kuanzia 2001 kwa miaka kumi nusu ya walioajiriwa wakawa Wakatoliki, upande uliokuwa na wachache mno polisini. Walianza wakiwa takriban asilimia 8, wakafika karibu 30. Serikali yao ya pamoja imevunjika na kusimama zaidi ya mara moja tangu hapo, na watu hawakurudi kwenye mabomu.

Sasa wale wasio wa upande wenu wala wa wenzenu. Bosnia ina urais wa watu watatu: Mbosniaki (yaani Mwislamu wa Bosnia), Mkroati na Mserbia. Dervo Sejdić ni Mroma na Jakob Finci ni Myahudi, raia wote wawili, na katiba haikuwaruhusu hata kugombea. Mwaka 2009 Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya ikasema huo ni ubaguzi. Hukumu ilitoka, na miaka ikapita katiba ikiwa vilevile, maana wenye viti ndio waliotakiwa kuibadilisha. Mtoto wa ndoa ya mchanganyiko mtamwandika wapi? Na yule anayekataa tu kuhesabiwa kwa kabila au dini? Wekeni nafasi yao sasa, kabla hamjakalia viti.

La mwisho, tarehe. Mgawo usio na tarehe ya mwisho unageuka urithi. Mapatano ya Taif ya 1989 yaliahidi kwamba Lebanon itaondoa mgawo wa kimadhehebu hatua kwa hatua, bila kusema lini. Haujaondolewa hadi leo, na sensa ya mwisho ilifanyika mwaka 1932, kwa sababu kila mmoja anaogopa hesabu ya mwenzake. Afrika Kusini waliandika kwenye katiba ya mpito ya 1993 kwamba chama chenye angalau asilimia 5 ya viti kina haki ya kuingia serikalini, na utaratibu huo mwisho wake ni 1999. Chama cha De Klerk, rais wa mwisho wa utawala wa ubaguzi wa rangi, kilijitoa mapema, mwaka 1996, na nchi ikasonga mbele, kwa kuwa kila mtu alijua tangu mwanzo kwamba kipindi kile ni cha mpito.

Nimesema mengi kuliko nilivyokusudia. Daftari langu nimempa mwenzenu mmoja alete kikaoni. Ukurasa wa nyumba nimeuwekea alama, ni ule wenye nafasi tupu chini. Someni, halafu mwambieni karani wenu atenge kurasa za kutosha kwa ajili ya yule baba na yule mama, na ziandikwe siku ya kwanza, asubuhi, kabla mtu hajachoka.

Ni mimi mzee wenu,
karani wa zamani