Mwanaidi, usiuze laptopu kabla hujawatoa wale sita

Kwako shosti yangu Mwanaidi,

Assalaam alaykum. Natumai barua hii inakukuta mzima wewe, baba watoto na wanao, na kwamba mgongo wa mama umepata nafuu. Mimi sijambo, kazi zinakwenda, mvua huku imekata mapema. Kimya kimekuwa kirefu pande zote mbili, ila hilo tutalizungumza kwa nafasi yake, maana ninalokuandikia leo halingoji.

Tatu ameniambia unauza ile laptopu nyeusi. Anasema mnunuzi keshapatikana na umepanga kuifuta yote kabla hujamkabidhi. Mwanaidi, nakuomba kwa urafiki wetu, usifute chochote mpaka umalize kusoma hapa. Wale wahusika sita wetu wa Pool of Radiance, ule mchezo wa kompyuta tuliocheza pamoja, wamo humo. Hawapo mahali pengine popote. Mimi sina nakala, Tatu hana nakala, na ile flashi ya Baraka sote tunajua ilivyoishia.

Kumbuka tulipowaacha. Tyranthraxus, yule pepo mwovu anayeingia miili ya wengine, keshaanguka kwenye kasri la Valjevo, mji wa Phlan umepumua, tukapeana mikono kwamba Curse of the Azure Bonds, mchezo unaofuatia, tutaianza mitihani ikiisha. Mitihani ikaisha, zikaja kazi, ikaja harusi yako, Tatu akaenda Maskati, basi. Sasa nimepata mashine mpya na Curse nimeshaiweka. Nimefika kwenye menyu ya kuongeza mhusika, ikaniuliza namleta kutoka mchezo upi: Curse, Pool au Hillsfar. Ningebonyeza nini, na wao wako kwako Tanga?

Kazi yenyewe ni ndogo. Fungua Pool, pakia mchezo wa mwisho tuliouhifadhi, halafu kwenye menyu watoe kikosini mmoja mmoja mpaka waishe wote. Usiogope, kutolewa hakuwaui. Ndiko kunakomwandika kila mmoja kwenye faili lake, na Curse inasoma hayo. Kisha nakili folda nzima ya mchezo kwenye flashi, nzima kama ilivyo, usianze kuchambua lipi la maana na lipi la kuacha. Na kama watoto hawakupi nafasi, basi nakili folda tu unitumie, kuwatoa nitawatoa mwenyewe huku.

Najua utakalosema, maana Baraka naye huniambia hilo hilo kila tukikutana: si utengeneze wapya? Curse inaruhusu. Wapya hawaanzi kabisa chini, wanapewa uzoefu wa kutosha kuhimili mapambano ya mwanzo, tena unaweza kuwa na paladini (shujaa mtakatifu) na renja (mpiganaji wa misituni), ambao Pool haikuwa nao. Juu ya hapo, mchezo unaanza kwa kukunyang'anya kila ulichokuja nacho. Kikosi kinaamka katika nyumba ya wageni mjini Tilverton, vifaa vyote vimeibwa, na mkononi mna alama tano za buluu ambazo hakuna ajuaye zimetoka wapi. Zile panga zetu, zile deraya, ile pesa tuliyokuwa tukiiacha sakafuni kwa sababu ya uzito, hakuna kitu. Baraka ananiuliza, sasa hapo umebeba nini?

Nimebeba wao wenyewe, Mwanaidi! Faili la mhusika lina jina tulilompa, nguvu zake, uzoefu wake, uchawi aliokwisha kujifunza, hata umri. Unamkumbuka Nasra wangu alivyozeeka? Uchawi wa Haste, ule wa kuongeza kasi, humwongezea kila anayeupata mwaka mmoja wa maisha, na sisi tulikuwa tukiupiga kabla ya kila pambano lililotutisha. Na Chausiku wa Tatu, aliyekufa kwenye makaburi ya Valhingen usiku ule wa umeme kukatika? Tukamfufua hekaluni, na kufufuliwa kukamla pointi moja ya uimara wa mwili ambayo haikurudi. Pointi hiyo itakosekana hata kule Tilverton. Nikitengeneza kibete mwingine nikampa jina la Chausiku na namba nzuri kuliko zake, atakuwa mzima kila mahali, na sitamtaka.

Halafu kuna jambo nitakuharibia kidogo, lakini bora ulijue kabla hujashika kitufe cha kufuta. Mwishoni mwa Curse, kwenye magofu ya Myth Drannor, anayekungoja ni Tyranthraxus yule yule. Kwa kikosi kipya huyo ni adui mkubwa tu, wamemsikia jina njiani. Sisi tunamjua! Tulimwona amelivaa lile dragoni la shaba, tukapigwa, tukarudi, tukapigwa tena, Tatu akalia kweli kweli. Nataka Chausiku ndiye asimame mbele yake mara ya pili.

Wala usidhani haya ni mapenzi yangu mimi peke yangu. Walioanzisha michezo hii waliliona mapema sana. Wizardry ya kwanza ilitoka 1981, na ya pili, Knight of Diamonds ya 1982, ilipotoka haikukuruhusu hata kutengeneza watu: uwe na waliokomaa kwenye ya kwanza, au usicheze. Ukali ule siutetei, aliyenunua ya pili peke yake alionewa. Lakini ya tatu, Legacy of Llylgamyn ya 1983, ndiyo naipenda kwa wazo lake. Humo mashujaa wako wa zamani wamekuwa mababu. Unayemchukua ni kizazi chao, anaanza leveli ya kwanza kama mtoto yeyote, ila anarithi kitu kutoka kwa mzee wake. Mirathi ndani ya kompyuta za Apple II! Baadaye wakafanya kubwa zaidi: Wizardry ya sita ya 1990 inapeleka kikosi kwenye ya saba ya 1992, na namna ulivyoimaliza ya sita ndiyo inayoamua utaanzia wapi kwenye ya saba. Kikosi hicho hicho kinaingia ya nane, iliyotoka 2001. Kuna watu waliotunza diski zao miaka tisa wakisubiri mlango ufunguliwe. Sisi hatujafika huko, na mlango wetu uko wazi tayari.

Baraka hapa hunitolea Baldur's Gate. Sikatai, ni mchezo mzuri, na ile ya pili ya mwaka 2000 ni nzuri zaidi. Lakini anayevuka pale ni mmoja tu, yule mhusika wako mkuu. Wenzake mwandishi keshawaamulia. Khalid na Dynaheir utawakuta wameuawa hata kama uliwalinda kwa roho yako mchezo mzima, na Minsc utamkuta hai na panya wake hata kama wewe ulimzika. Nimelifikiria sana hili na naona sababu yake. Wale wanazungumza. Wanagombana, wanapendana, wana habari za kwao, na huwezi kumwandikia maneno mtu ambaye hujui kama mchezaji amemleta au hakumleta. Wa kwetu hawasemi neno. Kila walichosema tuliwasemea sisi, Tatu kwa ile sauti nzito ya Chausiku, wewe kwa maringo ya Kidawa wako. Kwa hiyo wanabebeka wote sita. Ukimya wao ulituachia nafasi, nasi tukaijaza, na hayo hayamo kwenye faili lolote, yamo vichwani mwetu watatu. Faili likipotea ndiyo yatakosa pa kushikia.

(Ila suruali za Baldur's Gate nazipenda, lazima niseme. Kuna suruali ya dhahabu kwenye ya kwanza, ya fedha kwenye ya pili, ya shaba kwenye Throne of Bhaal, nyongeza ya ile ya pili, na aliyezibeba zote mpaka mwisho bila kujua za nini huunganishiwa vazi moja la chuma la ajabu. Aliyebuni hilo aliwaelewa watu kama wewe, msiotupa kitu.)

Sasa nije kwa Chausiku, maana yeye ndiye anayenisumbua hasa, na hapa nataka shauri lako la dhati.

Pool ilikuwa na ukomo wa chini kwa kila kazi. Mpiganaji hakuvuka leveli ya 8, mwizi 9, kuhani na mchawi 6, basi, hata awe binadamu. Kwa hiyo kibete wa Tatu alikuwa sawasawa na mpiganaji yeyote wa kibinadamu, tena zaidi, kwa sababu vibete wana kinga nzuri dhidi ya sumu na uchawi, na majitu makubwa hupata shida kuwapiga. Lakini sheria ya Dungeons & Dragons ya siku zile, ule mchezo wa mezani ambao hii yetu imetokana nao, inamwekea kibete mpiganaji dari ya leveli 9, hata awe na nguvu 18. SSI, waliotengeneza Pool na Curse, waliifuata sheria hiyo. Binadamu anaendelea kupanda. Ndani ya Curse tofauti inavumilika. Kwenye mchezo wa tatu, Secret of the Silver Blades ya 1990, inaanza kuuma. Kwenye wa nne, Pools of Darkness ya 1991, ambako watu wanapanda mpaka leveli 40, Chausiku atakuwa amesimama pale pale kwenye 9. Kidawa naye, elfi wako, ana dari yake kwenye upanga na kwenye uchawi, na tena elfi akifa hafufuliki, ndiyo maana ulikuwa humruhusu kukaa mstari wa mbele hata kidogo.

Baraka anasema tuwaache wote wawili Phlan, tuchukue binadamu, mambo yaishe. Kwa hesabu yuko sawa. Lakini mimi siwezi. Tulipowachagua hatukuwa tukijua kuna dari, nani huwaza hayo anapokaa kuchagua sura na jina? Sheria ile inakuja kukudai michezo miwili baadaye. Nionavyo, Chausiku aende Curse yote, amkabili Tyranthraxus, na tukifika mwisho wa Curse Tatu mwenyewe aamue kama anastaafu kwa heshima au anaingia milimani kwenye Silver Blades akiwa na leveli yake 9 na sisi tumpange nyuma ya Nasra. Kumwacha kabla hata hajapewa nafasi hiyo naona ni kumdhulumu, yeye na Tatu pia. Nilimwuliza Tatu kwa simu, akanyamaza kidogo, akasema, "Muulize Mwanaidi, yeye ndiye anaye." Sasa unaona ulivyo na kitu mkononi.

Nilitaka pia nikueleze habari ya nyumba ya mjomba na yule fundi wa paa, lakini hiyo itakula karatasi nzima. Nyingine tu: Mama Zaynab ameuliza habari zako, nikamwambia utampigia.

Basi nijibu haya upesi, hata kwa ujumbe mfupi wa simu. Huyo mnunuzi anakuja lini hasa, na je, anaweza kungoja kidogo? Laptopu bado inawaka bila chaja, au betri imekufa kabisa? Ule mchezo wa mwisho tuliouhifadhi ni ule wa baada ya kasri, au ni ule wa kambini ambao Tatu aliuandikia juu? Kidawa utampeleka Tilverton ukijua hafufuliki, au umwache? Kwa Chausiku unasemaje wewe, bila kumsikiliza Baraka? Na likizo ya Desemba mnakuja huku au mnakwenda kwa wakwe? Tatu atakuwa amefika, chumba cha nyuma kipo, nami mchezo sitaugusa hata hatua moja mpaka mketi hapa wote wawili.

Nisalimie baba watoto, mama na majirani.

Wako,
Zuhura