Umeme amezoea, je na ngoma ya shule tumzoeshe?

Mpendwa Mshauri,

Salamu kwako na kwa wasomaji wenzangu. Nina mtoto wa kiume wa miaka 10 mwenye usonji (autism), yuko darasa la nne hapa Dar es Salaam. Anaongea, anasoma vizuri, na vituo vya mabasi ya mwendokasi kutoka Kimara hadi Kivukoni anavitaja kwa mpangilio bila kuruka hata kimoja. Kinachomtesa ni wasiwasi. Umeme ukikatika usiku alikuwa analia mpaka anatapika. Ukiwepo nako hatulii, kutwa anauliza, "Mama, utakatika?" Usingizi ulimpotea kabisa.

Tulipata mwanasaikolojia anayetoa tiba ya fikra na tabia, ile ambayo mtu hujifunza kuitambua fikra inayomtisha, kuipima kama ina ukweli, kisha kukikaribia kidogo kidogo anachokiogopa. Mwanzoni haikwenda. Anaulizwa, "Unawaza nini ukiogopa?" anajibu, "Sijui." Na ni kweli hajui, maana kutaja yaliyomo moyoni kwake ni kazi kubwa. Alipewa karatasi yenye sura za kucheka na kulia, akaigeuza akachora basi nyuma yake. Namshukuru sana yule dada, kwani badala ya kumkatiza alilifuata lile basi. Wakachora njia nzima: Kimara ni hofu ndogo, Kivukoni ni hofu kubwa kabisa. Sasa mtoto akisema, "Nipo Magomeni," nyumba nzima tunaelewa. Mwanasaikolojia huyo alinieleza kuwa utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2020, kwa watoto 167 wa miaka 7 hadi 13 wenye usonji na wasiwasi, ulionyesha kwamba tiba hii inawasaidia zaidi ikirekebishwa kwa ajili yao, wazazi wakishirikishwa na vitu anavyovipenda mtoto vikitumika.

Hatua nazo tulizipanga kwa vituo. Kuzima taa ya chumbani mchana, tochi mkononi. Kisha jioni. Kisha baba yake kushusha swichi kubwa ya nyumba. Kila hatua anaambiwa mapema na anakubali mwenyewe, hakuna kumshtukiza, na hatusogei mbele mpaka hofu ya pale alipo imeshuka. Swali lake tunalijibu mara moja tu, tena kwa ukweli: "Unaweza kukatika, na tochi ipo." Akirudia tunamwonyesha kadi yenye picha ya tochi. Juzi umeme ulikatika tukiwa tunakula. Aliifuata tochi yake, mikono inatetemeka, akarudi kumalizia wali. Niliingia jikoni nikalia kwa furaha.

Mama mkwe wangu anaona kutomjibu mjukuu wake ni ukatili, na ananiuliza mbona bado anapunga mikono. Huyo nimemweleza kwamba tunatibu wasiwasi, usonji hatuuondoi, na ameanza kunielewa.

Lililonishinda ni la shuleni. Kila asubuhi mstarini hupigwa ngoma, na mwanangu huziba masikio na kulia. Mwalimu wake amesikia habari za umeme, akapendekeza tumsimamishe karibu na ngoma kila siku mpaka azoee. Baba yake amekubali: kama giza kaliweza, ngoma itamshinda? Mimi nafsi inakataa. Giza halimuumizi mwili, kinachomtesa ni kuwazia litakalotokea. Ngoma inamwingia masikioni kama sindano, hata siku aliyoamka na furaha, na blenda ya jikoni inamfanya vivyo hivyo. Watoto wengi wenye usonji sauti huwapata kwa ukali ambao sisi hatuujui. Kumsogeza kwenye kinachomuuma na kungoja anyamaze, naona ni kumfundisha kwamba akilia hatasikilizwa.

Lakini wasiwasi nao umejichanganya humo humo. Siku hizi Jumapili usiku tumbo linamuuma kwa kuiwazia Jumatatu, na wakati huo hakuna ngoma inayopigwa. Hapo ndipo ninapokwama.

Nitatenganishaje maumivu ya masikio na hofu ya kuyasubiri? Je, ni sawa avae hedifoni za kupunguza kelele mstarini huku tukiishughulikia ile hofu ya Jumapili, au zitamzidishia kukimbia? Vipindi ni ghali, hatuendi kila wiki, kwa hiyo nahitaji jambo tunaloweza kulifanya nyumbani. Na mwalimu nimwambieje bila kumvunja moyo, maana pale shuleni ndiye anayemjali kuliko wote?

Mahafali ya darasa la saba yanakaribia, na matarumbeta yatapigwa tangu asubuhi. Mtoto mwenyewe anataka kwenda, kwa sababu kaka yake anahitimu.

Mama wa watoto wawili,
Kimara, Dar es Salaam