Nembo ya urithi ipimwe kwanza, ndipo ichorwe

Ndugu Mhariri,

Kila taasisi ya urithi huku pwani inapotaka nembo mpya, iwe makumbusho, tamasha au kikundi cha taarabu, njia huwa ileile. Shindano hutangazwa, wachoraji hupewa wiki mbili, na anayeshinda ni aliyeweza kuutia mlango wa nakshi, jahazi na mnazi ndani ya duara moja. Kwenye skrini picha inapendeza. Ikifika kazini, muhuri wa mpira unaacha doa la wino, nakshi kwenye fulana zinashikana, na kibao cha nje kinasomwa na aliyesimama chini yake tu. Naziomba kamati zetu ziitendee kazi ya nembo kama zinavyoitendea kazi ya nyumba: ipimwe, ichorwe kwa skeli, iandikiwe vifaa, ndipo ijengwe. Hapa ndipo aliyesomea usanifu majengo ana mchango mkubwa, hata kama mkono wake si mwepesi wa kuchora maua.

Skeli ndiyo inayovunja kazi nyingi. Mwanafunzi wa usanifu majengo hujifunza mapema kwamba mchoro wa 1:100, yaani kitu kilichopunguzwa mara mia, si mchoro wa 1:10 uliopunguzwa. Ni mchoro mwingine. Kwenye 1:10 mlango una miimo ya ubavuni, mfaa wa katikati, bawaba na misumari yake. Kwenye 1:100 mlango uleule ni mwanya ukutani na robo ya duara inayoonyesha unakofungukia. Sasa chukua mlango wa Mji Mkongwe wenye upana wa mita 1.8 pamoja na fremu, uliochongwa kwa mifereji ya milimita 6. Utie kwenye muhuri uliotengewa nafasi ya milimita 18. Umeupunguza mara 100, na mfereji umekuwa milimita 0.06. Hakuna mpira unaoshika mstari kama huo. Kwenye fulana inayochapwa kwa skrini, yaani wavu unaopitishiwa wino, mstari wa chini ya nusu milimita si wa kutegemea. Kwa mashine ya kudarizi hesabu kuanzia milimita 1, na herufi zisipungue kimo cha milimita 5, la sivyo matundu ya "a" na "e" yanazibwa na uzi.

Kwa hiyo nembo moja inahitaji michoro mitatu tangu mwanzo. Wa kwanza ni wa bango na jalada, kuanzia milimita 100 kwenda juu, wenye nakshi zake zote. Wa pili ni wa barua na kadi, milimita 25 hadi 100: miimo, mfaa, na ua moja badala ya kumi na mbili. Wa tatu ni wa muhuri na alama ya simu: mbao mbili na mfaa katikati, basi. Katika huu wa tatu, mwanya kati ya mbao na mfaa upanuliwe hadi nusu milimita ingawa kwenye mlango wenyewe haupo. Hilo si kuudanganya mlango. Ndivyo msanifu anavyokoleza ukuta kwenye ramani ili jicho lijue palipo pazito na palipo patupu.

Kabla ya hapo lazima kuwe na vipimo, na picha ya simu haitoshi. Picha iliyopigwa kutoka chini huufanya mlango uwe mwembamba juu, na mchoraji anayefuatisha picha hiyo huhamisha kosa hilo hadi kwenye nembo. Kupima mlango mmoja ni kazi ya watu wawili kwa nusu siku: tepu ya mita 5, timazi, pima maji, karatasi nyembamba na penseli laini. Vipimo vyote vya kimo visomwe kutoka alama moja ya sifuri, si kipande kwa kipande, kwa sababu kosa la milimita 2 likirudiwa mara kumi ni sentimita 2. Pima na pembe kwa pembe, maana fremu za zamani hazikai mraba. Ukuta umetitia upande mmoja na mlango umeufuata. Ua lenyewe linakiliwe kwa kuweka karatasi juu yake na kusugua penseli taratibu, kwa idhini ya mwenye nyumba. Picha ipigwe jua likilamba mlango kwa ubavu, kwa sababu jua linaloupiga mlango usoni huficha kina cha mchongo.

Kuna kosa moja linalonichoma zaidi kuliko mengine. Kwa kuwa mlango una pande mbili zinazofanana, mchoraji huchora nusu kisha akaigeuza kompyutani ili apate nusu ya pili. Kwa maua hilo huenda likapita. Lakini milango mingi ina maandishi ya Kiarabu kwenye kizingiti cha juu, mara nyingi maneno ya dini au mwaka wa Hijria, na nusu iliyogeuzwa inasomeka kinyume. Jingine linalofanana nalo ni programu isiyojua kuandika kutoka kulia: herufi za Kiarabu zinatoka moja moja, hazikushikana, na mpangilio wake umepinduka. Maandishi yachorwe peke yake, yasomwe na mtu anayekijua Kiarabu, na karatasi iliyochapwa isainiwe kabla ya kwenda kwa mchapaji. Pia tusichape vijitabu vinavyodai kwamba samaki maana yake hiki na mnyororo maana yake kile kwa sababu tu muongoza watalii amesema. Aulizwe mchongaji, na penye shaka nakshi iitwe kwa jina lake tu.

Tena urithi si mlango peke yake. Soko la Kariakoo, lililosanifiwa na Beda Amuli katika miaka ya 1970, lina miavuli ya zege inayofunguka juu ya nguzo zake. Umbo hilo halijitokezi vizuri ukisimama barabarani. Linajitokeza ukichora mkato, yaani jengo limekatwa kutoka paa hadi msingi kama papai. Aliyezoea kuchora mikato huona nembo pale ambapo wengine wanaona dari.

Nyumba za mawe nazo zina kipimo chao. Vyumba vyake ni virefu na vyembamba, upana ukiwa kiasi cha mita 2.5 hadi 3, kwa sababu boriti ya mkoko haifiki mbali zaidi ya hapo bila kupinda chini ya uzito wa mawe na chokaa. Kipimo hicho kinaweza kubeba kijitabu kizima cha makumbusho. A4 iliyolazwa na kukunjwa sehemu tatu inatoa kurasa za milimita 99, ndefu na nyembamba kama vyumba vyenyewe. Upande unaoingia ndani upunguzwe milimita 2, vinginevyo karatasi itajikunja ukingoni. Kisha mpangilio wa habari ufuate mpangilio wa nyumba ya Lamu: daka, yaani baraza ya mlangoni ambapo mgeni yeyote hupokewa; kiwanda, yaani ua wa katikati, penye mwanga; msana, yaani ukumbi mrefu; halafu ndani, chumba cha faragha. Jalada ni daka: jina, saa za kufungua, njia ya kufika. Masimulizi ya ukoo na picha za familia yakae ndani, na mengine yasitolewe kabisa. Kuyabandika kwenye bango la barabarani ni sawa na kumpitisha mgeni moja kwa moja hadi chumbani.

Kanga ndiyo somo bora la hesabu kwa mbunifu wa nembo za hapa kwetu. Ina pindo, mji na jina, na kila sehemu ina mipaka yake. Tuseme kitambaa ni sentimita 150 kwa 110, na pindo lina upana wa sentimita 10. Toa vipande vinne vya pembeni vya 10 kwa 10. Upande mrefu umebaki na 130, mfupi 90. Ua la sentimita 10 linaingia mara 13 na mara 9 kamili. Ukichagua ua la sentimita 8, upande mrefu unataka maua 16 na robo, na ile robo ndiyo ua lililokatwa kichwa unaloliona pembeni mwa kanga za kampeni na za maadhimisho. Fundi vigae hukutana na tatizo hilohilo sakafuni, naye hupiga hesabu kabla hajapaka saruji. Jina nalo lipewe nafasi yake tangu mwanzo. Likisukumwa baadaye linapanda juu ya mji au linabanwa hadi halisomeki mvaaji akiwa anatembea. Na rangi mbili zinapokutana, moja iingie chini ya nyenzake kwa nusu milimita hadi milimita 1, kwa sababu kitambaa huvutika kati ya skrini na skrini na mstari mweupe hutokea.

Kuhusu vibao, kanuni ni rahisi: kwa kila mita ya umbali, kimo cha herufi kisipungue milimita 5. Mita 20, herufi ya milimita 100. Lakini vichochoro vya Lamu na Unguja havikuruhusu kukitazama kibao usoni. Unakijia kwa ubavu, na ukikitazama kwa nyuzi 30 kutoka ukutani, upana wa neno unaonekana nusu. Herufi nyembamba zilizobanana hufa hapo. Afadhali kibao kichomoze kutoka ukutani, ukingo wa chini ukiwa mita 2.5 juu ya njia ili asikigonge mpanda punda wala mwenye mkokoteni. Jiwe la matumbawe halipendi boliti zinazotanuka ndani ya tundu, hupasuka. Tumia matundu machache, pini za chuma kisichoshika kutu zilizoshikwa kwa chokaa na mchanga, kwani chuma cha kawaida kwenye hewa ya chumvi huacha michirizi ya kutu juu ya ukuta mweupe. Stika ya plastiki isibandikwe kwenye lipu ya chokaa: ukuta hupumua, unyevu ukizibwa lipu huvimba na kubanduka pamoja na stika. Ukitaka kuandika ukutani moja kwa moja, tumia rangi za udongo, nyekundu na manjano ya kutu, ambazo chokaa haiziharibu.

Njia hii ina waliotutangulia. Massimo Vignelli, aliyesomea usanifu majengo Milano na Venice, ndiye aliyebuni mwaka 1977 utaratibu wa vijitabu vya hifadhi za taifa za Marekani, gridi moja, yaani mistari ileile ya kupangia kurasa, kwa hifadhi zote. Na Olimpiki ya Mexico ya 1968 kamati yake iliongozwa na msanifu majengo, Pedro Ramírez Vázquez. Mistari ya sanaa ya Wahuichol, watu wa asili wa Mexico, ikatawala kuanzia tiketi hadi viwanja.

Sitaki wasanifu wenzangu wavimbe kichwa. Tumezoea kuandika herufi za milimita 2.5 kwenye ramani inayosomwa mezani, na tabia hiyo tunaihamishia kwenye mabango ya ukutani ambayo hayasomeki. Tunapenda mistari myembamba ya kijivu. Nafasi kati ya herufi na herufi wengi wetu hatuijui, na kwa hilo hatuna budi kukaa chini ya mbunifu wa michoro aliyebobea.

Ninachoomba kiwekwe ndani ya zabuni. Kamati inunue karatasi, si picha: vipimo vya kitu halisi vikiwa na tarehe na mahali; nembo katika michoro mitatu, kila mmoja na ukubwa wake wa chini kabisa; toleo la rangi moja; rangi zilizoandikwa kwa namba za wino na za rangi ya ukutani; mchoro wa kibao wenye skrubu na vifaa vyake; na majaribio manne mkononi, yaani muhuri, fulana, kitambaa na kibao kilichoning'inizwa mahali pake kwa siku moja. Mbunifu alipwe kwanza kwa upimaji, kisha kwa michoro, na theluthi ya mwisho itolewe majaribio hayo manne yakishakaguliwa. Wiki mbili hazitoshi kwa kazi hiyo. Wiki nane zinatosha.

Msanifu majengo na mbunifu wa nembo,
Unguja