Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama, Mwaka 2022

Ndugu wanachama, wazee wetu, mama zetu, nanyi mlio mbali, Nairobi, Doha na Jeddah,

Nawasalimu nyote. Mwaka tunaoufunga umekuwa mzito. Tangu vuli ya 2020 hadi vuli hii iliyotuacha juzi, Pembe ya Afrika imekosa mvua misimu mitano mfululizo. Serikali ilitangaza ukame kuwa janga la kitaifa tarehe 8 Septemba 2021, na hali ikazidi kuharibika hata baada ya hapo. Kufikia mwisho wa 2022, katika kaunti 23 zenye ukame, Wakenya zaidi ya milioni 4 walikuwa hawana chakula cha kutosha, mifugo zaidi ya milioni 2 ilikuwa imekufa, na watoto zaidi ya 900,000 walio chini ya miaka mitano walihitaji matibabu ya utapiamlo. Najua Turkana, Marsabit, Wajir na Mandera wameumia kuliko sisi. Lakini chama chetu ni cha Ganze, kaunti ya Kilifi, na Ganze nimeizunguka mwaka mzima, Vitengeni, Jaribuni hadi Bamba. Nitasema niliyoyaona.

Hesabu za fedha atazisoma mweka hazina, na zimekaguliwa. Mimi nataka kuzungumzia zaidi yale tuliyoyakosea, kwa sababu yamewagusa watoto.

Mwezi wa Machi picha za mizoga ya ng'ombe zilianza kuzunguka kwenye simu zetu, na hapo ndipo tulipofanya harambee. Mlitoa kwa moyo, Mungu awalipe. Lakini fedha zilipotimia, mahindi yakanunuliwa na lori likafika Bamba, ulikuwa mwezi wa Mei. Kati ya Machi na Mei, kaya nyingi zilikuwa zimeshapeleka mbuzi wao mnadani. Mbuzi aliyekonda hana bei, na unga ulikuwa unapanda kila wiki. Ilipofika Julai pakiti ya kilo mbili ilipita shilingi 200, mpaka serikali ikaishusha hadi 100 kwa wiki chache kabla ya uchaguzi. Mtu akiuza mbuzi watano kwa bei ya kutupa ili watoto wale wiki mbili, gunia la mahindi baadaye halimrudishii wale mbuzi. Wala halimrudishii mtoto yale maziwa.

Jambo la pili nalibeba mwenyewe. Nilitia saini ya kupokea mzigo bila kufungua magunia. Tulipoyafungua Bamba, baadhi yalikuwa na kuvu, ile ya kijani inayoshikana na punje. Mnakumbuka mwaka 2004 sumu ya kuvu kwenye mahindi iliua watu 125, wengi wao Makueni na Kitui. Sikuthubutu kumpa mama yeyote mahindi yale, hata walioniambia watayaosha. Tuliyachoma mbele ya wazee na chifu, huku watu waliokuja na magunia matupu wakitazama. Siku ile sitaisahau. Muuzaji amerudisha nusu ya fedha, na nusu iliyobaki tunaendelea kumdai. Tangu hapo hakuna gunia linalopokelewa kabla ya kufunguliwa.

Sasa niwaeleze habari ya uji.

Mwezi wa Juni tulipeleka unga wa mahindi uliochanganywa na soya kwenye shule tatu, tukiamini mtoto akijua kuna uji saa nne, atakuja shule. Baada ya wiki mbili nilipita kwenye mojawapo bila kutoa taarifa. Magunia yalikuwa stoo, hayajaguswa. Mwalimu mkuu hakuwa na kosa lolote. Hakukuwa na maji ya kupikia. Silanga la kijiji, yaani bwawa la maji ya mvua, lilikuwa limekauka hadi udongo ukapasuka, na bouza, lile lori la kuleta maji, lilikuwa halijaonekana. Akaamua, kwa nia njema kabisa, kwamba kila mtoto aje na kidumu cha lita tano na kuni moja. Uji ukaanza kupikwa. Wiki iliyofuata mahudhurio yalishuka.

Nilimkuta msichana wa darasa la saba kwao nyumbani, mchana wa siku ya shule. Alikuwa anafunga mitungi juu ya punda wa jirani. Nikamuuliza kwa nini hakwenda shule, akanijibu kwa adabu, "Babu, maji yakipatikana, ni ya mtoto na ya kupika nyumbani. Ya kupeleka shule hayabaki." Yaani msaada wetu ulikuwa umeweka kizingiti mlangoni, na aliyeshindwa kukiruka ndiye tuliyemkusudia. Watoto waliokunywa uji ni wale ambao nyumbani kwao palikuwa na punda, au na pesa ya kununua maji.

Tulibadilisha mpango. Tukanunua tangi la lita 10,000 kwa kila shule, tukalipia bouza, na tukakataza kidumu. Kuni tunazinunua kwa mafungu. Tangu Septemba uji umepikwa kila siku ya masomo katika shule mbili. Ya tatu ilikosa maji siku kadhaa kwa sababu barabara haikupitika. Yule msichana alirudi shule, ingawa siku za kwenda kuteka maji bado hukosa.

Inaniuma kusema kwamba maji ya visima vya Baricho, kando ya mto Sabaki, yanasafiri kwa mabomba hadi Malindi, Kilifi na Mombasa, na mimi ninapofungua mfereji wangu wa maji Kisauni, Mombasa, huwa nawaza nani ameyakosa. Hilo ni la serikali, na tumewaandikia barua wanaohusika.

Kwa watoto wadogo tumefanya kazi na wahudumu wa afya wa kujitolea. Chombo chao ni utepe wanaomzungushia mtoto kwenye mkono, juu ya kiwiko. Chini ya sentimita 11.5 ni nyekundu, kutoka hapo hadi 12.5 ni manjano. Nilishuhudia mtoto wa mwaka mmoja na nusu akipimwa chini ya mwembe. Utepe ulikaza mpaka kwenye nyekundu, na mtoto hakulia. Mhudumu aliniambia kutolia ndiko kunakomtisha. Zahanati ilimpa pakiti za lishe ya karanga, kila moja gramu 92 na kalori 500. Wiki mbili baadaye uzito haukuwa umeongezeka. Mama alieleza kwa sauti ya chini kwamba kila pakiti aliigawa mara nne, maana walikuwako wengine watatu nyumbani wakiitazama. Nani angemlaumu? Tangu Oktoba, kila mtoto anayeanzishiwa pakiti zile, chama kinaipa kaya yake unga, maharagwe na mafuta ya mwezi mzima, ili dawa ya mgonjwa ibaki ya mgonjwa. Wahudumu wanasema watoto sasa wanaongezeka uzito, yule wa chini ya mwembe akiwa mmoja wao.

Baadhi yenu mmelalamika kuwa sikutuma picha za watoto. Ni kweli, na sitatuma. Mtoto aliyekonda naye ana jina, na kesho atakuwa kijana ambaye hatataka kuonekana vile. Risiti mtapewa zote, na picha za matangi na sufuria mtazipata.

Wazee wetu waliipa njaa ya mwishoni mwa karne ya 19 jina la Magunia, kwa sababu ya magunia ya nafaka ya msaada. Zaidi ya miaka 100 imepita na sisi bado tunasubiri njaa ifike ndipo tutafute gunia. Kwa hivyo kamati inaleta pendekezo mlipigie kura: tuache harambee za ghafla, tutoe mchango wa kila mwezi, hata uwe mdogo, na tuutoe pia mvua ikinyesha. Mamlaka ya kukabiliana na ukame, NDMA, hutoa taarifa kila mwezi ikieleza kaunti iko katika hali ya kawaida, tahadhari, hatari au dharura. Kilifi ikiingia tahadhari tu, fedha zitoke, wakati mbuzi bado wana bei na silanga lina maji chini. Miezi ya kawaida tutaweka mifereji ya kukusanya maji ya mvua kwenye mapaa ya shule. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ya bati ni lita moja ya maji. Kwa paa la madarasa manne, mvua moja nzuri hujaza sehemu kubwa ya tangi.

Nawashukuru akina mama wapishi, ambao wamepika miezi mingi kwa posho ndogo mno. Shule zinafunguliwa Jumatatu tarehe 23 Januari 2023. Unga wa wiki tatu upo stoo, umekaguliwa. Bouza limelipiwa. Kinachokosekana ni sufuria moja kubwa, ile ya zamani imetoboka kitako na mpishi ameomba ipatikane kabla ya siku hiyo.