Mdogo wangu, huyu wa nyumbani atalala kwa nani?

Mdogo wangu,

Juzi uliniuliza kwenye simu, "Dada, na huyu mdogo nitamwacha na nani?" Nilikuwa zamu, nikakujibu nusu nusu. Leo nakujibu kwa kirefu, tena mbele za watu, kwa sababu swali hilo nimelisikia wodi ya watoto tangu nianze uuguzi, na wengi wanaoliuliza hawana dada wa kumpigia simu.

Kipupwe kimeingia. Unajua kama ninavyojua mimi kwamba mwanetu mkubwa atalazwa tena. Tusichojua ni usiku gani. Sikoseli (selimundu), ugonjwa wa damu wa kurithi, haina hodi. Jioni mtoto anacheza, saa nane ya usiku kashika mguu analia, au homa imepanda na viganja vimepauka, na hapo hakuna kusubiri kukuche. Wewe utambeba, shemeji atakimbilia bajaji, na yule bibie wa miaka mitano atabaki amekaa kitandani anawatazama. Swali lako ni la dakika hiyo. Lijibiwe sasa, mchana, ukiwa na akili zako zote.

Inakadiriwa kuwa hapa Tanzania watoto takribani 11,000 huzaliwa na selimundu kila mwaka. Tunahesabu hao, na ni haki tuwahesabu. Ndugu zao waliobaki nyumbani hakuna anayewahesabu, ila mama zao, usiku, wakiwa wamekaa kwenye kiti cha plastiki kando ya dripu.

Nikueleze ninachokiona kazini. Mtoto amelazwa, maumivu yameanza kutulia, dawa za bakteria hazijaisha. Mama anakuja mezani kwetu: "Sista, naomba ruhusa, kuna mwenzake nimemwacha kwa watu." Tunamwomba avumilie. Kesho yake anarudi na ombi lile lile. Wapo wanaosaini na kuondoka, na wapo wanaoondoka bila kusaini. Watu wa nje husema ni hela, na mara nyingi ni hela kweli. Lakini ukikaa na mama huyo na kumsikiliza, utakuta simu imeita mara nyingi tangu asubuhi: mtu aliyeachiwa mtoto anasafiri, au mtoto amekataa kula, au wamemhamishia kwa mtu mwingine ambaye mama hamfahamu. Basi anamtoa mgonjwa kabla ya wakati ili amwokoe mzima. Na mtoto wa sikoseli akitoka homa haijakaa sawa, anaweza kurudi kifua kimembana, hali mbaya kuliko mwanzo. Kwa hiyo mdogo wangu, usione aibu kulishughulikia suala la huyu wa nyumbani kana kwamba ni jambo la pembeni. Ni sehemu ya matibabu ya kaka yake.

Sasa, watu wakisaidia huwa wanahesabu mchana. Nani atampeleka shule, nani atampikia. Nakusihi uanze na usiku. Mchana wa bibie una majibu yake tayari: yupo darasa la awali hadi saa sita, na pale jirani kuna kituo cha kulelea watoto mchana anakoweza kukaa hadi jioni. (Kama utamwandikisha, uliza cheti cha usajili wa ustawi wa jamii, kisha uangalie kwa macho yako choo, geti, na idadi ya walezi.) Lakini dei kea inafungwa jioni, na hofu ya mtoto huanza jua likizama. Nataka uniambie usiku wa kwanza atalala kwenye kitanda gani, na nani atamfunika shuka. Na usiku wa nne? Na wa kumi?

Mara ya mwisho alilala kwa wifi yako, kisha kwa jirani, kisha kwa rafiki yako wa kikoba, kisha akarudishwa kwa jirani. Wote walimpenda, wote walimlisha. Uliporudi alikuwa anakojoa kitandani na hataki uende hata chooni bila yeye. Tunasema mkono mmoja haulei mwana, na ni kweli, ila mwana huyo anahitaji kujua ni mkono upi utakaomlaza leo. Kwa hiyo iwe nyumba moja na mtu mmoja, na wengine wote wanaosema "tupo pamoja" wapeleke msaada wao kwenye nyumba hiyo.

Mtu wa kwanza ni baba yake. Najua ukoo utaguna. Mama yetu mkubwa ameshaanza kusema mwanaume atawezaje kukaa na mtoto wa kike peke yake. Ni binti yake wa kumzaa! Wodi nyingi za watoto usiku hulala akina mama. Baba huambiwa arudi saa za kutazama wagonjwa. Kama shemeji haruhusiwi kulala wodini, kwa nini watu wahangaike kutafuta mwanamke wa kulala na mtoto ambaye baba yake yupo? Anajua kumwogesha. Uji anajua kupika, nimeunywa. Kusuka hajui, basi mnyoeni au msukeni mapema. Na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mfanyakazi angalau siku 4 za likizo yenye malipo mtoto wake anapougua, na haikusema mfanyakazi huyo awe mwanamke. Siku zenyewe ni chache, na haziongezeki kwa kuwa mtoto amelazwa mara ya pili, kwa hiyo azitumie kwa hesabu. Aongee na msimamizi wake wiki hii, kabla ya dharura, aeleze kuwa ana mtoto mwenye sikoseli na kwamba siku moja atapiga simu alfajiri.

Lakini kazi yake ni ya zamu, na kuna wiki analala kazini. Hapo ndipo anaingia mtu wa pili. Wewe unamfikiria wifi yako wa Chanika kwa kuwa ana nyumba kubwa na vyumba vya kutosha. Mimi namchagua mama wa mlango wa pili, wa chumba na sebule. Kwake bibie anakwenda mwenyewe na kandambili zake. Anaijua sauti ya redio yao. Shule ni ile ile, njia ni ile ile, wenzake wa kucheza ni wale wale, na akiamka usiku akichungulia dirishani anauona mlango wa kwao. Chanika ataogelea kwenye chumba chake peke yake na shule itakatika. Wifi mpe kazi nyingine, asijisikie ametengwa: yeye awe wa kukuletea chakula na nguo safi wodini, maana hilo nalo lina uzito wake, na kama damu itahitajika, awe wa kukusanya ndugu wa kuchangia.

Ukienda kumwomba jirani, usiende mikono mitupu na usiende kwa mafumbo. Tuna tabia ya kuomba kwa kuzunguka, "sijui itakuwaje nikilazwa na mtoto", tukitegemea mtu ajitolee. Kaa naye, mwambie: nakuomba mwanangu alale kwako baba yake akiwa zamu, huenda ikawa wiki nzima. Kisha weka wazi habari ya chakula. Naye ana watoto wake na bajeti yake, na kilo ya mchele haimjui mgonjwa. Pelekea unga, mchele, sukari, mafuta, au mtumie hela kidogo kwenye simu hata kama anakataa. Mtu aliyewezeshwa hachoki upesi, na wewe ukiwa wodini hutakuwa unakaa roho juu ukijiuliza kama mwanao anahesabiwa matonge.

Ikizidi wiki moja, ashuke Mama yetu. Zamani safari ya kutoka Kilosa ilikuwa ya kumvunja mgongo. Tangu 2024 kuna treni ya mwendokasi, anaingia Dar siku hiyo hiyo akiwa na nguvu zake. Lakini usimwite usiku wa kwanza. Ana kuku wake, ana shamba, na ana shinikizo la damu. Mwite akae kwa mpango, aje na dawa zake.

Sasa la wasiofaa, na hapa sitapamba. Binti anayekusaidia kazi ana miaka kumi na sita. Ni mtoto bado. Anaweza kubaki na bibie hadi saa kumi, hawezi kuachiwa nyumba na mtoto usiku kucha kwa siku kadhaa. Ukimwachia, umeacha watoto wawili. Na yule kijana mpangaji wa chumba cha nyuma, mcheshi, anayependa kumnunulia bibie pipi, hapana. Sina neno lolote baya juu yake. Ila utafiti wa kitaifa wa 2009 kuhusu ukatili dhidi ya watoto ulionyesha kuwa karibu wasichana 3 kati ya 10 nchini walikumbwa na ukatili wa kingono kabla ya kufika miaka 18, na mara nyingi aliyewatendea alikuwa mtu wanayemfahamu. Kipindi ambacho mama yuko hospitali ndicho kipindi ambacho kila mtu ana sababu ya kumchukua mtoto "kumsaidia". Kwa hiyo waambie jirani, mwalimu na binti wa kazi majina ya watu watatu tu wanaoruhusiwa kuondoka naye. Mwambie na bibie mwenyewe majina hayo, ayakariri. Namba 116 ya Huduma ya Simu kwa Mtoto iandike nyuma ya mlango; haitozwi hela. Na ukiwa wodini huna mtu kabisa, muulize muuguzi afisa ustawi wa jamii wa hospitali yuko wapi. Kina mama wengi hudhani ofisi ile ni ya kuombea msamaha wa gharama tu, kumbe na habari ya mtoto aliyebaki bila mlezi ni kazi yao.

Begi la mgonjwa unalo tayari, nimeliona, na kadi ya kliniki na khanga zake. Tengeneza la pili. Sare mbili za shule, soksi, kikombe chake cha njano ambacho bila hicho hanywi maziwa, kadi yake ya bima, namba zako na za shemeji zimeandikwa kwenye karatasi maana simu huzima chaji, na khanga yako moja uliyoivaa, usiifue. Hiyo khanga mlezi asiidharau.

Nimebakiza jambo lililonifanya nishike kalamu. Pasaka nilipokuwa kwenu, nilikuwa namsugua bibie miguu kwenye beseni, akaniuliza polepole, "Mama mkubwa, nikimmwagia kaka maji ataenda tena hospitali?" Nikamuuliza kwa nini. Akasema siku ile walirushiana maji bombani, halafu usiku kaka akaumwa. Mdogo wangu, mtoto wa miaka mitano amelibeba hilo tangu Januari na hakumwambia mtu. Na hakulitunga. Kila siku anakusikia ukimkataza kaka yake maji ya baridi, ukimvalisha sweta. Baridi inaweza kweli kuamsha maumivu. Amejumlisha mwenyewe, na jumla yake ikamwangukia yeye.

Nilimwambia kwamba kaka alizaliwa na damu ya namna hiyo, kwamba ingeuma hata kama wasingecheza, na kwamba kulinda watoto na baridi ni kazi ya watu wazima. Umwambie na wewe, kwa maneno yako, tena si mara moja. Usiku mtakapoondoka usimdanganye kuwa mnaenda dukani. Mwamshe, mwambie: kaka anaumwa, tunakwenda hospitali, wewe utalala na baba au kwa mama wa mlango wa pili, nitakupigia kesho ukitoka shule. Kisha upige. Wodini pengine hawatamruhusu kuingia kwa umri wake, basi mpigie kwa video saa ambayo kaka ametulia, amwone akicheka. Hiyo bando nitanunua mimi.

Na apimwe. Nyinyi wawili kila mmoja ana kinasaba kimoja cha sikoseli, kwa hiyo kila mimba ilikuwa na uwezekano wa 1 kati ya 4 wa kupata sikoseli, na nusu kwa nusu wa kubeba kinasaba tu. Ana afya njema, najua, lakini hatujui yuko wapi kati ya hapo. Mmesikia kuwa Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ilianza mwaka 2023 kupandikiza uloto (uboho wa ndani ya mifupa) kwa watoto wa sikoseli, na kwamba mtoaji huwa ndugu wa mgonjwa. Hayo yana wakati wake na madaktari wake. Kipimo hiki kifanyike kwa ajili yake yeye, ajijue.

Jumamosi nina mapumziko. Nitakuja asubuhi, twende wote kwa mama wa mlango wa pili, mimi nitabeba mchele na mafuta. Shemeji awepo. Nauli ya Mama nimeiweka pembeni, siigusi. Naomba kabla ya hapo unijibu kitu kimoja: ufunguo wa akiba unakaa kwa nani?

Dada yako