Jumamosi hii: daraja asubuhi, wiski jioni

Wazee mambo zenu, wagonjwa wetu wa magoti na enka poleni sana. Humu kwenye grupu tumebaki kutumiana stika tu, sasa Jumamosi tuonane.

1. Saa 12 asubuhi Coco Beach pale kwenye mihogo. Tunavuka Daraja la Tanzanite kwenda na kurudi, kama kilomita 2 hivi, wa kukimbia wakimbie, na yule bwana aliyechanika msuli wa paja kwenye bonanza atembee mdogo mdogo, asije akajitia ushujaa halafu tuanze kumbeba.

2. Saa 10 jioni kwangu. Mchango 20,000 kila mtu, nyama na ndizi nanunua mimi. Wiski ipo chupa moja, anayetaka ya pili aje nayo, na atakayeichanganya na soda ya chungwa kama mara ile namtoa nje. Aliye kwenye dozi ya dawa za maumivu anywe maji, hapo sitanii.

3. Mwenye santuri za zamani abebe, mashine ya kuzipiga imeshapona. Mwenye njiwa alete picha zao.

Hela mwisho Alhamisi usiku. Andika NIPO au SIPO hapa hapa, siyo inboksi, nijue nyama kilo ngapi.