Tiketi ya bei chee sio safari ya bei chee

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua maana makala yenu ya safari imenigusa sana. Mmewashauri watu wanaotaka kwenda Ulaya siku nne tano wakati wa vuli, Septemba mpaka Novemba, halafu miji mkaipanga kwa bei ya tiketi ya ndege tu, Paris juu, Amsterdam, Milan, basi. Mi nasema hiyo njia inawapeleka watu pabaya, na inaniuma kwa sababu anayetafuta safari ya bei nafuu ndo mtu asiye na cha kufidia mahesabu yakienda kombo.

Tuanze na hiyo tiketi yenyewe. Unaona imeandikwa Paris, kumbe ndege inatua Beauvais, karibu kilomita 85 kutoka Paris, na basi la kwenda mjini unalipia mwenyewe, kwenda na kurudi. Imeandikwa Milan, ndege inatua Bergamo, kama kilomita 50. Halafu tiketi ya chini kabisa kwenye haya mashirika ya bei rahisi inakuruhusu kibegi kimoja kidogo cha kuingia chini ya siti, sasa vuli sio kiangazi, sweta na viatu vya mvua havikai humo, kwahiyo ama unavaa koti na sweta zote mwilini ukipanda ndege (na mimi ndo nawashauri hivyo, hakuna aibu) ama unalipia begi na wakati mwingine begi linazidi bei ya siti. Ukifika Amsterdam juu ya bei ya chumba kuna kodi ya mji asilimia 12.5, hata ukichukua kitanda cha hosteli. Jumlisha vitanda vya usiku nne, chakula mara mbili kwa siku, usafiri wa ndani, ndo utajua ile ofa ya tiketi ilikuwa kitu kidogo sana kwenye hesabu nzima. Kwa safari fupi, kinachokula hela ni kitanda. Tiketi inafuata nyuma.

Kwahiyo mimi ningewaambia wasomaji waanze na wiki kabla hawajachagua mji. Vuli ya Ulaya sio kitu kimoja. Kuanzia karibu katikati ya Septemba mpaka wikiendi ya kwanza ya Oktoba, Munich, Ujerumani, ina Oktoberfest, ile sherehe kubwa ya bia, vyumba vinapanda mara dufu na zaidi, usipite hata karibu kama hukuifuata sherehe yenyewe. Oktoba shule nyingi zinafunga kidogo, Wajerumani kwa mikoa yao, Waingereza na Wafaransa kuelekea mwisho wa mwezi, na familia zote hizo zinatafuta vyumba vilevile unavyovitafuta wewe. Tarehe 23 Oktoba ni sikukuu ya taifa Hungaria. Tarehe 1 Novemba ni Siku ya Watakatifu Wote, Poland maduka yanafungwa siku nzima, ingawa usiku wa siku hiyo makaburi yanawaka mishumaa mpaka mbali na ni kitu ambacho ukikiona hukisahau, ila uwe umenunua chakula jana yake. Baada ya wiki ya kwanza ya Novemba watu wanapungua, na masoko ya Krismasi bado hayajafunguliwa, mengi yanaanza mwisho mwisho wa mwezi. Hapo katikati ndo pa bei ya chini kabisa. Shida yake ni giza na baridi. Saa zinarudishwa nyuma Jumapili ya mwisho ya Oktoba, na ukiwa Kraków, Poland, katikati ya Novemba saa kumi na nusu jioni jua limeshazama, kwahiyo chagua mji wenye mambo ya ndani, sio wa kupiga picha milimani.

Sasa miji. Kama mtu anaweza kwenda mwanzoni mwa Oktoba, mimi namwambia Sofia na Plovdiv, kule Bulgaria, bila kusita. Sofia metro inaingia mpaka uwanja wa ndege, unapanda kwa tiketi ya kawaida ya mjini, hakuna basi la watalii wala teksi ya kubishana. Ukishuka kituo cha Serdika unakuta magofu ya mji wa Kirumi yako palepale, mitaa ya mawe na misingi ya nyumba, unatembea katikati yake bure. Hatua chache kutoka hapo kuna jengo la zamani la mabafu ya maji ya madini, na pembeni yake mabomba yanayotoa maji ya moto kutoka ardhini mchana na usiku, utawakuta wazee na kina mama wamejipanga na madumu na chupa kubwa za plastiki, wanajaza, wanapiga stori, wanaondoka, hakuna anayelipa kitu. Asubuhi unanunua banitsa, ile mikate ya tabaka tabaka yenye jibini, kwenye kidirisha cha barabarani, unakula huku unatembea. Siku ya pili unapanda basi la kama masaa mawili mpaka Plovdiv, ambako kuna ukumbi wa michezo wa Kirumi mlimani unaotumika mpaka leo kwa matamasha, na chini ya barabara kuu ya waenda kwa miguu kumelala uwanja wa mashindano wa Warumi, kichwa chake kimeachwa wazi karibu na msikiti wa Dzhumaya na unakiona bila kulipa. Mji ulikuwa makao makuu ya utamaduni ya Ulaya mwaka 2019 lakini haujawa mji wa kukamua watalii. Halafu tangu Januari 2026 Bulgaria wanatumia euro, suala la kubadilisha hela mara mbili limekwisha.

Anayepata likizo Novemba tu, aende Kraków. Treni kutoka uwanja wa ndege mpaka stesheni kuu ni kama dakika 20, na ukitoka stesheni unatembea kwa miguu mpaka Rynek, uwanja mkubwa wa katikati ya mji wa kale. Pale kila saa tarumbeta inapigwa juu ya mnara wa kanisa la Mtakatifu Maria, kwa pande nne, na inakatika ghafla katikati ya wimbo, ndivyo inavyopigwa siku zote. Lakini mimi nataka niongelee chakula maana hapo ndo bajeti ya wengi inavuja. Kuna migahawa inaitwa bar mleczny, imekuwepo tangu zamani na baadhi ya vyakula vyake serikali inavifidia, kwahiyo wanakula humo wanafunzi, wastaafu, mafundi wenye nguo za kazi. Unaingia, menyu iko ukutani kwa Kipolandi, unapanga foleni, unalipa kwanza, unapewa karatasi, karatasi unaipeleka kwenye kidirisha cha jikoni, baada ya dakika chache mama anaita na unachukua trei yako ya supu nyekundu ya barszcz au pierogi, vile vitu vya unga vya kuchemsha vilivyojazwa viazi na jibini, unakaa meza yoyote hata kama kuna mtu, ukimaliza vyombo unarudisha mwenyewe kwenye kidirisha kingine. Ukiacha vyombo mezani watakuangalia vibaya. Mlo kamili humo na mlo kwenye viti vya nje vya Rynek ni dunia mbili tofauti, na mwendo kati yake ni wa dakika tano.

Na kutoka Kraków mtu anaweza kwenda Auschwitz-Birkenau, ile kambi ya mauaji ya Wanazi ambayo sasa ni makumbusho, kama kilomita 70, kuingia bila kiongozi ni bure ila lazima ubuku mapema kwa jina lako, na Novemba wanafunga mapema kwa hiyo angalia saa za kuingia kabla hujapanga siku.

Budapest, Hungaria, najua wengi mtaitaja. Ni nzuri, kukaa nje kwenye maji ya moto ya bafu la Széchenyi huku mvuke unapanda na wazee wanacheza chesi ndani ya bwawa, baridi ikiwa kali ndo raha inazidi. Ila viingilio vya mabafu makubwa vimepanda sana miaka hii na wikiendi ni zaidi, kwahiyo nenda siku za katikati ya wiki, la sivyo bafu moja linameza bajeti ya chakula.

Wanaotaka bahari pia wasikate tamaa, maji yanachelewa kupata joto na yanachelewa kupoa, ndo maana Oktoba Malta na Sicily bado watu wanaogelea wakati kaskazini wameshavaa makoti. Visiwa vidogo vya Ugiriki ni tofauti, kuanzia mwisho wa Oktoba hoteli nyingi zinafunga na boti zinapungua, unapata chumba rahisi halafu unakwama. Na anayeng'ang'ania Italia apange safari iguse Jumapili ya kwanza ya mwezi, makumbusho na magofu ya serikali siku hiyo kuingia ni bure.

Jambo lingine ambalo makala haikugusa kabisa ni viza. Viza ya Schengen, ile viza moja ya kuingia nchi nyingi za Ulaya, kwa mtu mzima ni euro 90 tangu Juni 2024 na ukinyimwa hairudi, bado bima ya angalau euro 30,000. Ukishailipia inakufungulia Bulgaria na Romania vilevile, maana zimeingia Schengen kikamilifu tarehe 1 Januari 2025, na Kroatia tangu 2023, sasa kwa nini mtu akalie Paris tu kwa sababu ndo jina analolijua? Ombi unalipeleka kwa nchi utakayolala siku nyingi zaidi, sio ile unayodhani wana huruma, na mapema zaidi ni miezi 6 kabla, mwisho siku 15. Vuli watu wanachelewa kuomba kwa sababu wanaona safari iko mbali, halafu miadi zinajaa.

Na ukiwa Poland au Hungaria mashine ikikuuliza ulipe kwa zloty au forint ama kwa hela ya kadi yako, chagua hela ya nchi uliyopo, kila siku, bila kufikiria. Ile nyingine wanakuwekea kiwango chao wenyewe na unapoteza kwenye kila kikombe cha kahawa.

Ombi langu kwako Mhariri ni dogo tu. Mkichapa tena orodha ya miji, pembeni ya bei ya tiketi wekeni na bei ya kitanda usiku mmoja kwa wiki hiyohiyo, nauli ya kutoka uwanja wa ndege mpaka katikati ya mji, na bei ya sahani moja ya chakula wanachokula wenyeji. Orodha itageuka juu chini na watu wengi wenye hela kidogo wataona kumbe wanaweza kwenda.

Msomaji wenu wa kila wiki